Koti la Greta

Alhamisi, 8 Aprili 1976

Leo imetimia wiki moja tangu nitoke nyumbani. Naandika nikiwa kitandani na mabuti mguuni — nikiyavua sitapata moyo wa kuyavaa tena. Baridi! Sikujua kama baridi ina uzito. Inakaa mabegani kama gunia la mpunga.

Safari yenyewe ilikuwa kama ndoto ya homa. Kaka Budeba alinipakia kwenye baiskeli hadi barabara kuu. Basi likanipeleka Mbeya kwanza, ofisi ya mifugo, kuchukua barua ya kupokelewa chuoni. Hapo nikakutanishwa na mwenzangu wa safari, Asukile, mtu wa milimani juu ya Mbeya, mwimba kwaya. Alinitazama kuanzia kandambili hadi kofia. "Gwe," akasema, yaani wewe kwa lugha yake, "hivi kwenu Usangu hakuna aliyekuambia unakokwenda?" Nikamwambia nakwenda Nyololo, Iringa. Akacheka hadi akashika ukuta. Akanivuta mpaka soko la Mwanjelwa, nikanunua koti la kafaulaya, nguo za Wazungu waliokufa. La sufu, zito, rangi ya majivu. Linanifika magotini. Mzungu aliyeliacha alikuwa na tumbo.

Kisha basi likarudi njia ile ile! Likapita palepale aliponishusha Budeba. Nikabandika uso kwenye kioo. Tambarare yote ilikuwa maji na anga, hujui kipi ni kipi. Nilitaka kusema shusha. Sikusema. Basi likapanda milima na masikio yangu yakaziba.

Baba anawaambia watu nimekwenda ng'ambo kusoma. Nilimwambia, baba, Iringa si ng'ambo, ni nchi yetu hii hii. Akasema ng'ambo ni kule usikoweza kusikia ng'ombe wako wakilia.

Jumamosi, 10 Aprili

Chuo kiko juu ya Nyololo, ndani ya ukungu. Unaingia bwenini asubuhi kama mwenye nyumba, haupigi hodi. Banda la ng'ombe liko hatua chache tu. Nalisikia, silioni.

Alfajiri tunafyeka majani, tunazoa samadi, tunalisha. Mchana darasani. Jioni tena samadi. Nilidhani nimekuja kusoma! Kule kwetu, shamba la mpunga la serikali, nilikuwa kibarua. Hapa ni kibarua mwenye kalamu.

Lakini ng'ombe wao! Weusi kwa weupe, wakubwa, hawana nundu. Mgongo kama meza. Wazazi wao waliletwa kutoka Ulaya, na kila mmoja ana jina lake kwenye kibao. Kila mwanafunzi kapewa mtamba mmoja mwenye mimba ya kwanza, amzoeze, azae mikononi mwake, na mwisho wa muhula amkamue mbele ya mkaguzi. Wangu anaitwa Greta. Nilipomkaribia alinipumulia usoni, moshi mweupe. Naye ni mgeni huku, nadhani, ingawa amezaliwa hapa.

Mwalimu wetu ni Bibi Severina. Mbena, kwake ni Kihesa, mjini Iringa. Mfupi, anatembea haraka, mabuti yake hayana tope hata kidogo na sijui anafanyaje. Alituambia sheria ya kwanza: ndama akizaliwa anaondolewa papo hapo, kabla mama hajamlamba. Anakunywa kwenye ndoo. Mama anakamuliwa bila kumjua mtoto. "Mtamba hajui kitu," alisema. "Utakachomzoesha siku za kwanza ndicho atakachoshika maisha yake yote."

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwetu ndama ananyonya kwanza, ndipo mama anashusha maziwa. Bila ndama hakuna maziwa. Ndama akifa tunamchuna, tunajaza ngozi nyasi, tunaisimamisha mbele ya mama. Anailamba, anashusha.

Darasa zima likacheka. Bibi Severina hakucheka. Alisema hao wa kwenu wana akili zao na hawa wana zao, na huku usimwonyeshe Greta ndama hata kivuli.

Jumanne, 20 Aprili

Leo aliuliza kila mtu kwa nini kijiji kimemtuma. Asukile akatoa hotuba — lishe bora, taifa, kujitegemea. Makofi. Mimi nikasema nimetumwa kwa kuwa nina darasa la nne na najua kusoma. Ni kweli. Lakini si yote.

Yote ni haya. Mwaka wa njaa, sabini na nne, mke wangu Kashindye aliugua na maziwa yakamkauka. Mtoto wetu Seni alikuwa ameanza tu kucheka. Zizini ng'ombe walikuwapo, mbavu tupu. Ndama walikufa kwanza, na ndama wakifa, mama anafunga maziwa. Nilijaza ngozi nyasi kama nilivyofundishwa. Ng'ombe akailamba, akatoa nusu kikombe. Kesho yake akainusa, akageuza kichwa. Basi.

Seni tulimzika nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo bwana mifugo alipokuja mkutanoni akasema kuna ng'ombe anayetoa maziwa bila kumwuliza ndama, mimi nilikuwa nimesimama kabla hawajauliza nani atakwenda. Mwanafunzi akifaulu, kijiji chake kinapewa mitamba wanne kabla ya mvua. Akishindwa, wanakwenda kijiji kingine.

Kashindye ni mjamzito tena. Atajifungua mwezi wa sita.

Jumapili, 9 Mei

Wote wamekwenda kanisani. Mimi sina kanisa, nimebaki na ukungu. Asukile anasema ataniombea nipate dini. Nikamwambia aniombee nipate soksi.

Jana alinipeleka kunywa ulanzi. Mkwaya huyu! Anasema ulanzi si pombe, ni maji ya mwanzi, Mungu mwenyewe kaugema. Mtamu kweli, kisha miguu ikawa ya mtu mwingine. Wazee wa pale walinisalimu "Kamwene", nikaitika "Kamwene", wakaniuliza neno refu la Kihehe nikacheka tu. Mzee mmoja akasema Msukuma huyu ni mzuri, hana maneno.

Usiku niliota tambarare. Maji yamejaa mpaka pembeni mwa anga na ng'ombe wanatembea ndani yake, wengi, hawatoi sauti hata moja. Yangeyange wamekaa migongoni. Kashindye yuko ng'ambo ya maji, anapungia kitu. Niliamka nikasikia ng'ombe analia kweli, nikainuka kwenda kumfungulia. Nikagonga ukuta wa bweni. Nilisimama pale muda, sijui niko upande gani wa maji.

Greta ameshanizoea. Kila asubuhi namwosha kiwele kwa maji ya moto, ingawa hakina kitu. Ili auzoee mkono. Asukile anasema nina mikono ya kung'olea mpunga, si ya kukamulia.

Ijumaa, 28 Mei

Majani. Samadi. Majani.

Nyumbani wanavuna. Najua harufu yake saa hii.

Jumatano, 16 Juni

Nina binti!

Tadeo, dereva wa lori la mchele la kwetu, alisimama Nyololo akatuma mtu kuniita. Nilishuka mbio na mabuti. Akasema kwa mkato kama kawaida yake: Kashindye kajifungua, wa kike, wote wazima, Budeba anasalimia. Nikauliza jina. Akasema mama yangu amekataa kumpa jina mpaka baba yake aje amtazame usoni.

"Sasa wanamwitaje?"

"Wanamwita 'we'."

Nikauliza, na maziwa? Kashindye ana maziwa? Tadeo akanitazama kama mwehu. "Ndugu yangu Mihayo, mimi nabeba mchele. Kifua cha mke wako niulize mimi?"

Watu wa kibanda cha chai wakacheka sana. Nami nikacheka. Nimepanda mlima huku bado nacheka, halafu nikaona sijajibiwa kuhusu maziwa.

Alhamisi, 24 Juni

Greta kazaa leo alfajiri. Dume. Barafu nyeupe ilikuwa juu ya majani na taa ya mkononi inayumba.

Sheria ni kuingia bandani na ovaroli tu, koti haliruhusiwi. Lakini ndama alitoka amelowa, anatetemeka, moshi unamtoka mwili mzima. Bibi Severina akasema haraka, mtoe kabla mama hajageuka! Sikuona gunia. Nikatungua koti langu kwenye msumari wa nje, nikamfunga ndani yake, nikambeba kama mtu anavyobeba mgonjwa. Mzito! Moyo wake ulikuwa unagonga mkononi mwangu.

Kwenye chumba cha ndama nikamfundisha ndoo. Unatumbukiza mkono kwenye maziwa, unampa kidole anyonye, unashusha kidole taratibu mpaka mdomo ukutane na maziwa. Ulimi wake kama msasa. Alininyonya kidole muda mrefu baada ya ndoo kwisha. Nilimwacha.

Tumemwita Bwana Mdogo. Hana kibao — madume hawapewi majina, wanauzwa.

Koti limeharibika. Asukile anasema linanuka uzazi na amelitoa nje ya bweni. Siwezi kulifua. Huku nguo nzito hukauka kwa wiki nzima.

Jumapili, 27 Juni

Tangu Alhamisi Greta analia. Hakumwona mtoto, hakumlamba, lakini analia. Bibi Severina anasema itapita, wengi hawalii, wachache hulia. Anakamuliwa vizuri, ndoo inajaa povu. Tatizo ni mimi. Nalala naota analia, naamka analia. Baba alisema ng'ambo ni kule usikosikia ng'ombe wako. Huyu namsikia! Basi huyu ni wangu?

Leo wote walikwenda kanisani. Banda kimya, ukungu mlangoni, sauti za kwaya zinakuja na kupotea. Nikamfungulia Bwana Mdogo. Sikuamua. Miguu yake mirefu ikanifuata yenyewe.

Greta alimnusa toka kichwa hadi mkia. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe hawa, ya chini sana, kama mtu anaongea akiwa usingizini. Akamlamba. Ndama akagonga kiwele mara mbili, akanyonya. Maziwa yalimwagika hata pembeni mwa mdomo. Niliketi kwenye majani makavu nikawatazama. Sijui kama nililala. Nilikuwa nyumbani.

Jumamosi, 3 Julai

Nilirudia. Jumatatu mchana, wenzangu wakila. Jumanne. Kila siku. Nilijiambia ni mara ya mwisho kila mara.

Leo asubuhi nimekaa chini ya Greta, nimemwosha, nimekamua — hakuna. Chuchu ngumu, kiwele kimejaa kama ngoma, na hakuna. Anageuza kichwa anatazama mlango. Anangoja.

Bibi Severina akaja, akajaribu mwenyewe. Hakuna. Akainama, akaona mate ya ndama yamekauka kwenye kiwele. Akasimama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ndugu Mihayo. Kwa siku ngapi?"

Nikasema tangu Jumapili.

"Unajua umefanya nini? Umemfundisha ya kwenu."

Akasema ng'ombe asiyeshusha huvimba kiwele, kiwele kikioza anachinjwa. Akasema mkaguzi anakuja Ijumaa tarehe thelathini na hatamkagua ndama, atamkagua Greta. Akasema angeweza kunirudisha nyumbani leo hii, ila nikiondoka nani atamsahihisha huyu? "Umeharibu, utatengeneza." Kisha akatoka na mabuti yake masafi.

Jioni Asukile alikaa kando yangu. Halafu akasema, "Gwe, nilidhani mlevi ni mimi."

Linanichoma hili tu: nilikuja kutafuta ng'ombe anayetoa maziwa bila ndama. Nilimpata. Nikamvunja kwa mikono yangu.

Jumatatu, 5 Julai

Bwana Mdogo kauzwa. Amekuja Kasian kutoka Kihesa na pikapu, anamfahamu Bibi Severina. Nikamwuliza kama atamfuga. Akasema atamfuga, atamfuga. Asukile akaninong'oneza kwamba Kasian ana bucha.

Ndama alisimama nyuma ya pikapu akitazama ukungu. Nilimpa kidole mara ya mwisho. Ulimi ule ule.

Asukile: "Mwambie Kasian akuletee ngozi, ujaze nyasi." Alikuwa anatania. Mimi nilikuwa nimeshawaza hivyo.

Alhamisi, 8 Julai

Hakuna. Vikombe viwili kwa nguvu, maziwa yenye mabonge. Maji ya moto, kitambaa cha moto, tena na tena. Mikono imepasuka. Jana nililala nimeegemea ubavu wake, nikasikia tumbo lake likinguruma kama mto, nikaota niko ndani ya mto huo na binti yangu anapita juu ya maji amefungwa kwenye kibuyu. Sina uso wake. Kwenye ndoto alikuwa na uso wa Seni.

Ijumaa, 9 Julai

Jambo limetokea.

Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kuua. Barafu hadi kwenye maji ya ndoo. Nikasema sheria na iwe sheria, mimi sifi. Nikachukua koti nje lilikotupwa, gumu kama ubao, nikalivaa juu ya ovaroli, nikaingia.

Greta akainua kichwa. Akavuta pumzi. Akatoa sauti ile ya chini.

Akaanza kulamba mkono wa koti. Pole pole, kutoka kiwikoni hadi kwenye kifungo cha yule Mzungu marehemu. Nami nikiwa nimeinama na ndoo sijaweka sawa, nikaona chuchu zinadondosha zenyewe. Tone. Tone. Kisha kama bomba! Nilikamua nikilia, nasema kweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Povu likafika ukingoni mwa ndoo na bado analamba.

Koti langu ni ngozi. Mimi ni nyasi.

Jumatano, 14 Julai

Siku hizi zote nimekamua na koti. Kiwele kimelainika, maziwa safi. Nilijiona mshindi. Asukile akasema niingie na koti mbele ya mkaguzi, niseme naumwa kifua. Nilikubali kabisa.

Leo Bibi Severina amenikuta. Alisimama mlangoni muda mrefu akimtazama Greta anavyolamba. Nikasubiri matusi. Akauliza koti lina nini. Nikamwambia.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sijawahi kumwona amekaa. Akasema kwao Njombe bibi yake naye alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo, asiyeshusha mpaka aimbiwe na mtu mmoja. Bibi alipokufa wakakaa na ng'ombe na njaa.

"Mitamba wanne wakija kijijini kwenu," akasema, "koti utamvalisha nani? Utawakamua wewe peke yako maisha yako yote?"

Nikaweka ndoo chini.

Akachukua nyundo. Akapiga misumari ukutani, mmoja karibu na kichwa cha Greta, mwingine mbele kidogo, mwingine, hadi mlangoni. Akasema kesho koti likae msumari wa kwanza, si mwilini. Akizoea, wa pili. Hivyo hivyo mpaka litoke nje. "Pole pole. Ukimnyang'anya ghafla atafunga tena. Unamwachisha, Mihayo. Kama mtoto."

Jumanne, 20 Julai

Msumari wa tatu. Greta ananyoosha shingo kulinusa, halifikii, anaguna, anashusha. Kidogo kuliko jana lakini anashusha.

Mchana, Tadeo tena. Safari hii hakutania. Alishuka kwenye lori, akanisalimu kwa mikono miwili. Nikajua.

Ujumbe wa mama: mtoto yu hai. Maziwa ya Kashindye yanatoka upande mmoja tu na ni machache. Jirani mwenye mtoto anamsaidia akiwa na nafasi. Mtoto ni mdogo ila analia kwa nguvu sana, mpaka watu wanasema ana mapafu ya baba yake. Mama anasema njoo.

"Lori linaondoka saa hii," Tadeo akasema. "Kiti kipo."

Nilishika mlango wa lori. Ulikuwa wa moto, kitu cha kwanza cha moto nilichoshika nje ya banda mwezi huu. Nikienda leo, kesho namwona. Nafika mikono mitupu. Nitamtazama usoni, nitampa jina, halafu? Nitajaza ngozi nyasi?

Nikamwambia Tadeo amwambie mama niko karibu. Nikakimbia chuoni, nikarudi nikampa debe dogo la maziwa ya unga nililopewa na Bibi Severina; nilimwomba nikiwa nahema, akatoa bila kuuliza na bila kuandika. Tadeo akaliweka chini ya kiti chake kama yai.

Lori likapotea kwenye ukungu. Lilisikika muda mrefu.

Asukile kaniletea uji bwenini jioni, akaketi. Akaimba wimbo wa kwao kwa sauti ya chini. Nilishukuru. "Ndaga," nikamwambia, kwa lugha yake. Akasema ninaitamka kama mbuzi.

Jumapili, 25 Julai

Koti liko mlangoni. Greta ananitazama, analitazama. Kama mtu aliye kati ya basi na nyumbani.

Leo hakuguna. Alisimama kimya muda mrefu, ukungu ukipita kati yetu, nikasikia tu pumzi zetu wawili. Nikaacha kungoja. Nikawaza mpunga, maji, yangeyange. Nilipotazama chini ndoo ilikuwa na maziwa. Sikuona yalipoanza.

Lakini Asukile alipojaribu, Greta akafunga. Nikijaribu mimi, anafungua. Bibi Severina anasema usifurahi, hilo nalo ni koti. Jioni Asukile akaketi na mimi nikakaa pembeni, nimemwekea Greta mkono shingoni. Akatoa kidogo. Asukile akapiga kelele ya furaha, Greta akapiga teke ndoo. Tumenuka maziwa wote wawili.

Alhamisi, 29 Julai

Mkaguzi amefika kutoka Mbeya. Analala nyumba ya wageni. Kesho saa mbili asubuhi.

Tangu Jumanne koti liko nje, kwenye uzio. Greta halioni, lakini upepo ukigeuka ananyanyua pua, anatazama mlango, na maziwa yanakatika katikati. Nusu ndoo, basi. Leo asubuhi nusu ndoo. Nilisimama pale uziani nikalitazama. Nilijua kabisa kesho mkaguzi akiwa anafungua kalamu yake, mimi nitaona baridi, nitasema kifua, nitalivaa.

Kwa hiyo mchana nimelifua.

Sabuni ya kipande, maji ya mto, jiwe. Maji yalitoka ya kahawia, kisha ya kijivu, kisha meupe. Asukile alikuja mbio. "Gwe! Umemuua ng'ombe! Si ungesubiri kesho?" Nikamwambia kesho ningekuwa mwoga. Nikalinusa. Sabuni tu. Bwana Mdogo hayumo tena, wala Mzungu.

Jioni hii niliingia na ovaroli peke yake, nikitetemeka. Greta alinusa mikono yangu yote miwili. Alitazama mlango. Alingoja. Nami nilingoja, nimeweka paji la uso kwenye ubavu wake, macho nimefumba. Michirizi michache ya maziwa ikapiga ndoo. Ikanyamaza. Nikasikia anaanza kucheua. Ikaanza tena, pole pole, kama mtu anayekumbuka kitu. Nikamwacha Asukile amalizie na nikatoka nje bila kutazama ndoo. Mpaka sasa sijamwuliza. Yeye yuko kitandani kwake, kageukia ukuta, naye hajasema.

Koti liko kwenye uzio, linadondosha maji gizani. Nitamfungia binti yangu ndani yake. Basi la Jumamosi likipita Nyololo asubuhi linanishusha barabara kuu ya kwetu kabla ya jua kuzama, na kutoka hapo ni miguu. Jumapili, tarehe mosi Agosti, ng'ombe wakitoka zizini, nitakuwa nyumbani. Koti likikauka au lisikauke.